Aliyevaa sare ugenini: haki zake, na haki za mama aliyebaki kijijini



Mara nyingi tukiandika hapa kuhusu akiba tunaongea na dada wa kazi za ndani kule Muscat, au fundi wa jengo kule Doha. Leo tunamgeukia mtu mwingine ambaye yupo kwenye familia zetu lakini hatumzungumzii sana: yule aliyeingia jeshini ugenini. Kijana amepata kadi ya kijani, akabeba mizigo ghalani mwaka mmoja, kisha akaenda kujiandikisha. Binti ameanza kwa kulea wazee majumbani, leo ni nesi wa jeshi. Tena kati ya mwaka 2009 na 2016 Marekani ilikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, wa kuchukua jeshini wageni waliokuwa na viza halali na waliojua lugha zilizotakiwa. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ile. Kwa hiyo watu wetu wapo.

Shida inaanza mkataba ukiisha. Wengi wanavua sare, wanarudi kuendesha lori au kufanya kazi ya ulinzi, wanasema "yale yameisha". Hawadai kitu. Na wazazi, wake na watoto walioko nyumbani ndiyo hawajui kabisa kama kuna kitu cha kudai.

Neno letu la leo ni hili: haki hizi zinafuata utumishi wa askari. Hazimdai awe raia, na familia haipotezi kila kitu eti kwa sababu inaishi Mbeya au Kisii. Lakini serikali haitakuja kukutafuta. Kinachomuunganisha mama aliyeko kijijini na miaka ya mwanawe jeshini ni karatasi, basi. Tuzipitie moja moja.

Nani anahesabika

Kwetu tukisema "mwanajeshi mstaafu" tunamfikiria mzee aliyetumikia miaka ishirini na kitu. Marekani si hivyo. Hata aliyetumikia mkataba mmoja wa miaka mitatu au minne, akatoka kwa heshima, ni askari wa zamani mwenye haki zake. Ofisi inayoshughulika naye ni VA, yaani idara ya serikali kuu ya wanajeshi wa zamani. Ina mikono mitatu: hospitali, malipo na mafao, na makaburi ya taifa.

Aliyetoka jeshini bila cheti safi cha heshima asikate tamaa. VA inaweza kuangalia kesi yake upya, na zipo bodi za kurekebisha hadhi ya kuondoka.

Na kama bado hajawa raia, utumishi wenyewe ni njia. Kipindi kilichoanza Septemba 11, 2001 kinahesabika kisheria kuwa kipindi cha uhasama, na aliyetumikia kwa heshima ndani yake anaweza kuomba uraia kwa fomu N-400 bila kulipa ada.

Karatasi ya kwanza: DD 214

Hii ndiyo mama wa karatasi zote. Ni cheti cha kuondoka jeshini. Kinaonyesha aliingia lini, alitoka lini, alitumikia wapi na aliondoka kwa hadhi gani. Bila hicho, milango mingi haifunguki.

Kikipotea, nakala inaombwa bure kutoka hifadhi ya kumbukumbu za askari iliyoko St. Louis, Missouri. Askari akiwa amefariki, wanaoruhusiwa kuomba ni mjane ambaye hajaolewa tena, baba, mama, mtoto, kaka au dada. Soma hapo vizuri: mama aliyeko Tanzania yumo kwenye orodha hiyo.

Tunashauri kila askari awe na nakala tatu: moja nyumbani kwake, moja kwenye simu au barua pepe, na moja kwa mtu mmoja wa familia anayemwamini. Siku ya shida si siku ya kuanza kupekua masanduku.

Fidia ya kila mwezi

Aliyeumia au kuugua kwa sababu ya utumishi anaweza kulipwa fidia ya ulemavu. Usidhani ni kwa aliyekatika mguu tu. Mgongo ulioharibika kwa kubeba mizigo, masikio yanayovuma, goti, ndoto mbaya na hofu zinazotokana na vita, vyote vinaweza kudaiwa. Sheria ya PACT ya Agosti 2022 iliongeza magonjwa mengi kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kwenye kambi za Iraq, Afghanistan na kwingineko. Kwa magonjwa yaliyotajwa humo, askari hahitaji kuthibitisha kwamba moshi ndio ulioleta ugonjwa. Anathibitisha tu kwamba alikuwepo huko na kwamba anaumwa.

VA hupanga ulemavu kwa asilimia, kumi kumi hadi mia. Kwa viwango vya mwaka 2025, asilimia 10 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, na asilimia 100 kwa asiye na wategemezi ilikuwa dola 3,831.30. Pesa hii haikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu.

Mambo mawili ya muda. Kwanza, anayedai ndani ya mwaka mmoja tangu atoke jeshini anaweza kulipwa kuanzia siku iliyofuata kutoka kwake. Pili, kama vielelezo havijakamilika, peleka taarifa ya nia ya kudai kwa fomu 21-0966. Tarehe yako inashikiliwa mwaka mzima huku unatafuta karatasi za hospitali. Kila mwezi unaochelewa bila kufanya hivyo ni mshahara umeutupa.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo kurasa kama yetu zinapohusika. Kuanzia asilimia 30, malipo yanaongezeka kwa mke au mume, kwa watoto, na pia kwa mzazi anayemtegemea askari. Ndiyo, mzazi. Fomu yake ni 21P-509. Lakini mzazi anayeishi nje ya Marekani hakubaliwi tu kwa kuwa kipato chake ni kidogo. Inabidi kuonyesha kwa ushahidi kwamba kweli anakutegemea.

Ushahidi ni nini? Ni risiti zako za kutuma pesa. Kwa hiyo:

- Tuma kwa jina la mzazi mwenyewe, lililoandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Ukituma kwa jina la binamu kwa sababu ndiye mwenye laini, karatasi inasema unamtunza binamu.
- Tuma kwa njia inayoacha kumbukumbu. Pesa iliyopelekwa mkononi na msafiri inamsaidia mama, lakini haithibitishi kitu.
- Pakua orodha ya miamala yako kila mwisho wa mwaka, uihifadhi. Usitegemee kwamba programu ya simu itakuwa nayo miaka sita ijayo.

Askari akifariki: nani analipwa

Ni mazungumzo mazito, na kwetu wengi wanaogopa kuyaanza kana kwamba wanajitabiria. Lakini hapa ndipo familia hupoteza pesa nyingi kuliko mahali pengine popote.

Akifariki akiwa bado kazini, kuna malipo ya mara moja ya dola 100,000. Juu ya hapo kuna bima ya maisha ya askari, SGLI, ambayo tangu Machi 2023 inafika dola 500,000. Bima hii inamfuata yule aliyeandikwa jina. Haifuati kikao cha ukoo, na hata wosia haubadilishi jina lile. Kama kijana aliandika jina la kaka yake siku ya kwanza, akaja kuoa na hakubadilisha, kaka ndiye anayelipwa. Kama hakuandika mtu, sheria inaanza na mke au mume, kisha watoto, kisha wazazi.

Na usimwandike mtoto mdogo ukadhani umemaliza. Aliye chini ya umri wa utu uzima hakabidhiwi pesa ya bima mkononi. Inahitajika amri ya mahakama ya kumteua mlezi, au mfuko wa amana uliotengenezwa mapema. Kwa mtoto aliyeko nyumbani na bibi yake, hiyo inaweza kuwa safari ndefu ya mawakili. Bora askari apange mapema.

Akitoka jeshini, bima hiyo inaendelea siku 120 tu. Anaweza kuibadilisha kuwa bima ya VGLI ndani ya mwaka mmoja na siku 120, na akiomba ndani ya siku 240 za kwanza haulizwi habari za afya yake. Mwenye maradhi asiiache nafasi hiyo ipite.

Kisha kuna malipo ya kila mwezi kwa waliobaki, yanayoitwa DIC. Ni kwa askari aliyefariki akiwa kazini, au aliyefariki baadaye kwa ugonjwa au jeraha la utumishi. Kwa mwaka 2025 mjane au mgane alilipwa dola 1,653.07 kwa mwezi, na zaidi akiwa na watoto wadogo. Fomu ni 21P-534EZ. Ikipelekwa ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, malipo yanahesabiwa kuanzia mwezi wa kifo. Mjane akiolewa tena akiwa ametimiza miaka 55, bado anaendelea kulipwa.

Wazazi wenye kipato kidogo nao wana DIC yao, kwa fomu 21P-535. Tunajua wazazi ambao hawajawahi kusikia jambo hili kwa mtu yeyote.

Mazishi nayo yana haki zake. Askari wa zamani anaweza kuzikwa bure kwenye makaburi ya taifa ya Marekani, pamoja na mwenzi wake. Akizikwa nyumbani kwao, VA hutoa jiwe la kaburi bila malipo hata kama kaburi liko nje ya Marekani.

Vyeti vya nyumbani

Madai mengi ya kwetu yanakwama hapa. Ndoa ilifungwa msikitini, au mahari ikatolewa mbele ya wazee, watu wakala pilau, ikaishia hapo. VA huangalia kama ndoa ilikuwa halali kwa sheria ya mahali mlipokuwa mnaishi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa za Kiislamu na za kimila, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 pia. Kwa hiyo ndoa yako inaweza kukubalika kabisa, ila onyesha cheti. Tanzania nenda RITA au ofisi ya mkuu wa wilaya. Kenya nenda kwa Msajili wa Ndoa.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto navyo ni hivyo hivyo. Na linganisha majina! Askari anaitwa Juma Ally kule jeshini, cheti cha mtoto kinasema Jumaa Ali Hamisi. Kwetu ni mtu mmoja, kwa karani wa ofisi ni watu wawili. Sahihisheni sasa, au tengenezeni kiapo cha majina kwa wakili. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe Kiingereza.

Matibabu, shule, na moyo uliochoka

Askari wa zamani aliyerudi kuishi Afrika Mashariki anaweza kulipiwa na VA matibabu ya ugonjwa au jeraha lililotambuliwa kuwa la utumishi. Mpango huo unaitwa Foreign Medical Program. Jiandikishe kabla hujaumwa, na tunza risiti na maelezo ya daktari.

Shule: GI Bill ya baada ya 9/11 hulipia hadi miezi 36 ya masomo. Askari anaweza kumhamishia mke au mtoto, lakini lazima afanye hivyo akiwa bado jeshini, akiwa na miaka sita ya utumishi na akikubali minne mingine. Akishavua sare, mlango huo umefungwa.

Na wale wanaolea wazee Marekani, hii ni yenu: mzee unayemhudumia huenda alipigana Vietnam. Kama alitumikia wakati wa vita na kipato chake ni kidogo, kuna pensheni ya VA yenye nyongeza inayoitwa Aid and Attendance, kwa anayehitaji mtu wa kumsaidia kuoga, kuvaa na kula. Pesa hiyo inaweza kulipa mshahara wa mlezi. Waambie watoto wake waulize.

Kuhusu moyo. Mtu aliyerudi kimya, halali, anakunywa, anafoka, usimwite mlevi ukamwacha. Ukiwa Marekani piga 988, kisha bonyeza 1. Ni bure, saa zote, na ndugu wa askari anaweza kupiga pia. Vet Centers zilizotapakaa nchi nzima hutoa ushauri nasaha bure kwa waliotumikia vitani na familia zao.

Hukuvaa sare, ulilinda lango

Wengi wenu mlioko Ghuba mtasema haya hayawahusu. Subirini kidogo. Waganda na Wakenya wengi wamefanya kazi ya ulinzi, upishi, udereva na ujenzi kwenye kambi za Marekani kule Iraq, Afghanistan na kwingineko, wakiajiriwa na makampuni ya mkataba. Ninyi si askari wa VA, lakini mna sheria yenu: Defense Base Act ya mwaka 1941. Haiangalii uraia.

Ukiumia, mwajiri kupitia bima yake anatakiwa kulipa matibabu, na theluthi mbili ya mshahara wako wa wastani wa wiki kwa muda ambao huwezi kabisa kufanya kazi. Toa taarifa kwa maandishi ndani ya siku 30, na fungua dai Wizara ya Kazi ya Marekani ndani ya mwaka mmoja kwa fomu LS-203. Ukifariki, mke hupata nusu ya mshahara huo, na akiwa na watoto, theluthi mbili.

Na kama huna mke wala mtoto? Kwa familia zilizo nje ya Marekani, sheria inampa baba au mama, kama ulikuwa unamtunza, hata kwa sehemu tu, katika mwaka mzima kabla ya ajali. Utamjuaje mama kuwa alitunzwa? Tumerudi palepale: risiti.

Mliotumikia Uingereza

Waliojiunga na jeshi la Uingereza kutoka nchi za Jumuiya ya Madola wana mfuko wa fidia kwa majeraha na magonjwa yaliyotokana na utumishi kuanzia Aprili 6, 2005. Muda wa kudai kwa kawaida ni miaka saba, usiuache upite. Tangu 2022, aliyetumikia miaka sita halipi ada ya kuomba ukaazi wa kudumu. SSAFA na Royal British Legion husaidia askari na familia zao bila malipo.

Msaada ni bure, wezi ndio wanaotoza

Kwa sheria ya Marekani, hakuna mtu anayeruhusiwa kukutoza kwa kuandaa dai lako la kwanza VA. Mashirika kama American Legion, DAV na VFW yana watu waliosajiliwa wanaokujazia fomu bure, na majimbo na kaunti nyingi zina afisa wa askari wa zamani. Simu ya malipo ya VA ni 1-800-827-1000. Anayekuambia "nipe asilimia fulani ya pesa ya mwanzo", mkimbie. Anayetaka kununua malipo yako ya miezi ijayo kwa pesa taslimu ya leo, mkimbie zaidi.

Kuna wizi mwingine unaowaumiza dada zetu. "Askari wa Marekani" anakutumia ujumbe Facebook, picha ya sare, maneno matamu, miezi miwili anataka ndoa. Kisha anaomba pesa ya kulipia likizo yake, au ushuru wa sanduku la dola. Jeshi la Marekani halimtozi askari pesa ili apewe likizo, wala halimtozi mchumba. Huyo si askari. Mshahara wako wa miezi mitatu usiende huko.

Cha kufanya wiki hii

1. Kama una ndugu aliyewahi kuvaa sare, mpigie. Muulize DD 214 iko wapi na jina gani liko kwenye bima.
2. Kagueni vyeti vya ndoa na kuzaliwa, majina yafanane.
3. Anza kutuma kwa jina la mzazi mwenyewe, na uhifadhi risiti za mwaka huu kwenye faili moja.
4. Kama uliumia kwenye kambi ya jeshi, angalia tarehe kabla ya jambo lolote.

Ukimaliza kusoma, mtumie ndugu yako mmoja aliyeko Marekani, na mwingine aliyebaki nyumbani na wazazi. Jambo hili linahitaji watu wa pande zote mbili.